Somo: Kula vibichi Njombe mwezi wa saba bila kutetemeka

Kamwene wapendwa wa kundi letu la kula vibichi, yaani vyakula visivyopikwa. Kila Juni ikiingia, ujumbe ninaoupata ni ule ule: "Dada, nimeshindwa, baridi imenirudisha kwenye makande." Nawaelewa. Mwaka wangu wa kwanza nilidumu siku kumi na moja. Asubuhi nilikuwa nakula tikiti na matango yaliyolala barazani, mchana kachumbari, jioni machungwa, halafu nashangaa kwa nini natetemeka ndani ya koti. Siku ya kumi na mbili jirani alifunua sufuria ya makande yenye karanga, harufu ikapita dirishani, nami nikaifuata.

Huu ni msimu wangu wa nne. Naishi Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Julai hushuka chini ya nyuzi 10 bila taabu. Wenzetu wa Makete na Kitulo wanaamka na sakitu kwenye majani. Niseme mapema nisije nikaitwa mwongo: sili vibichi asilimia mia. Kutwa nzima ni vibichi, usiku nakula sahani moja iliyopikwa. Kwa mpangilio huo nimedumu.

HATUA YA 1: Hesabu kalori kabla ya kulaumu baridi

Wengi wetu tunadhani tunaangushwa na ubaridi wa chakula. Mara nyingi ni njaa. Mwili unatengeneza joto kutokana na unachokula, na matunda ya maji maji hayana kuni za kutosha. Gramu 100 za tikiti zina kalori 30 hivi, tango 15 hivi, chungwa 47. Mtu mzima anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, akitegemea tikiti peke yake, atatakiwa ale kilo sita na nusu na zaidi. Nani ataweza? Atakula kilo moja na nusu, tumbo litajaa maji, atakwenda chooni mara nane, na saa kumi jioni atakuwa amejikunyata jikoni kwa jirani.

Sasa angalia upande wa pili. Gramu 100 za parachichi ni kalori 160 hivi, nazi iliyokomaa zaidi ya 350, karanga na korosho zaidi ya 550. Parachichi moja kubwa linalotoa gramu 200 za nyama linashinda kilo nzima ya tikiti. Na sisi tunaishi Njombe, maparachichi yamejaa hadi tunawapa nguruwe! Mtu wa hapa kulia njaa kwenye vibichi ni sawa na mvuvi kukosa kitoweo.

Kwa hiyo msimu wa baridi kila mlo wangu una kitu cha mafuta: nusu parachichi au moja zima, konzi ya karanga, ufuta, mbegu za maboga, au nazi iliyokunwa ikiletwa kutoka Dar. Matunda ni ndizi mbivu za Tukuyu na tende. Tikiti nimeliachia Disemba.

Kuhusu karanga, zichambue moja moja. Iliyokunjamana, yenye ukungu au chungu, tupa. Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, haiondoki hata ukizikaanga, basi usijidanganye kwamba za kukaanga ndizo salama. Na korosho mnazouziwa kwa jina la "mbichi" zimeshapitishwa kwenye mvuke au moto ili ganda lenye mafuta makali yanayounguza ngozi litoke. Mkorofi wa kundi asije akanihukumu kwa hilo, mimi nazila.

HATUA YA 2: Pasha, usipike

Wanaofuata vibichi kwa ukali wana mpaka wao, kwa kawaida kati ya nyuzi 40 na 48. Chini ya hapo chakula bado wanakihesabu kibichi. Maana yake hakuna sheria inayokulazimisha ule karoti yenye ubaridi wa usiku.

Matunda ya asubuhi yalaze ndani, kwenye hotpoti, siyo barazani. Ukiamka, tumbukiza parachichi na karoti zikiwa na maganda kwenye beseni la maji ya moto kiasi, yale ambayo mkono unakaa bila kuungua, kwa dakika kumi na tano. Bakuli nalo lisuuze kwa maji yanayochemka. Hili dogo watu hulipuuza, kumbe bakuli la baridi linanyonya joto lote kabla hujachukua kijiko.

Wasio na kipimajoto, hesabu yangu ni hii. Kwa urefu huu wa Njombe maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, siyo 100. Chukua kikombe kimoja cha maji yanayochemka, changanya na vikombe viwili vya maji ya jikoni yenye nyuzi 15 hivi, utapata karibu nyuzi 41. Vikombe hivyo viwili viwe vya maji yaliyochemshwa jana yakapoa, siyo ya bombani moja kwa moja. Mlioko Dar, ambako maji ya kawaida yana joto lake, ongezeni kidogo ya baridi. Ila mlioko Dar mnafanya nini kwenye somo hili?

HATUA YA 3: Supu ya vuguvugu

Parachichi moja, karoti mbili, nyanya moja, kipande kidogo cha kitunguu maji, tangawizi ya ukubwa wa ncha ya kidole, kijiko kikubwa cha ufuta, nusu limao, chumvi. Vikiwa vimeshapashwa kama nilivyoeleza, viweke kwenye blenda pamoja na vikombe viwili vya yale maji ya nyuzi 41. Umeme ukikatika, tumia kinu: twanga ufuta na tangawizi kwanza, karoti ikwaruze, parachichi lipondeponde, halafu mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Ya kinu ina chenga chenga, na mimi naipenda zaidi. Ile mara moja, maana ikikaa inapoa na kuwa nyeusi.

Chumvi iwe yenye madini joto. Nyanda za juu kusini tulikuwa na shida kubwa ya rovu, uvimbe wa tezi ya shingoni, kabla chumvi haijaanza kuwekewa madini hayo, na kabichi mbichi ikiliwa kwa wingi kila siku huizuia tezi kuyatumia vizuri. Kuna wenzetu wanakwepa chumvi ya dukani wakidhani "ya asili" ndiyo bora. Kwa mtu wa Njombe anayekula kabichi mbichi, hapana.

Asubuhi nakula tufaa, au epo kama tunavyoita sokoni, lililokwaruzwa na ganda lake, limao, karanga zilizotwangwa na kijiko cha shayiri (oats) iliyolowekwa usiku. Si ubunifu wangu. Daktari wa Uswisi, Max Bircher-Benner, aliyefungua hospitali yake Zürich mwaka 1904, aliwalisha wagonjwa kitu cha namna hiyo, tufaa likiwa jingi na shayiri kidogo. Hata baridi ya Uswisi haikumzuia kuwapa matofaa mabichi.

HATUA YA 4: Otesha choroko, lakini uwe na subira

Loweka choroko usiku kwenye maji ya vuguvugu, asubuhi chuja, weka kwenye bakuli, funika kwa khanga yenye unyevu, iegeshe karibu na jiko. Suuza mara mbili au tatu kwa siku kwa maji salama. Pwani zinachomoza upesi, huku kwetu mimi husubiri siku tatu hadi nne. Zikinuka au zikiteleza, mwaga bila huruma. Unyevu na joto vinavyootesha choroko ndivyo vinavyozalisha bakteria, hivyo wajawazito, watoto wadogo na wagonjwa wale zilizopikwa.

HATUA YA 5: Visivyoliwa vibichi hata kidogo

Maharage, hasa mekundu. Punje nne au tano tu zinatosha kukutapisha, na kuyaotesha hakuondoi sumu yake. Kisamvu na muhogo mchungu vina sayanidi. Viazi mviringo vibichi tumbo haliviwezi, na vilivyogeuka kijani vina sumu. Mnavu nao upeleke sufuriani. Vibichi ninavyovizungumzia hapa ni vya mimea. Nyama, mayai na maziwa mabichi simo.

Majani yote yaoshwe jani moja moja kwa maji salama yanayotiririka. Huwezi kujua bustani ilimwagiliwa maji gani.

HATUA YA 6

Vaa soksi. Nimecheka mwenyewe kuandika, lakini nusu ya wanaolaumu kachumbari wamekaa sakafu ya saruji na ndala. Tembea haraka dakika ishirini kabla ya mlo wa asubuhi. Pilipili kichaa na tangawizi zinafurahisha kinywa, lakini joto lake ni la hisia tu. Ukitoa jasho, ukatoka nje kwenye upepo, utapoa kuliko mwanzo. Na tafadhali, jiko la mkaa lisilale chumbani mlikofunga madirisha. Hewa yake inaua watu wakiwa usingizini.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada shikamoo. Niko Mafinga, nimefuata vibichi tupu miezi minne. Nimepungua kilo tisa na sasa siku zangu hazijaja miezi miwili. Mimba sina, nimepima. Wengine wananiambia mwili unajisafisha.

Marahaba mdogo wangu. Mwili haujisafishi hapo, unabana matumizi. Ujerumani waliwahi kuwahoji watu 513 waliokula vibichi kwa muda mrefu, matokeo yakatoka mwaka 1999. Karibu theluthi moja ya wanawake wa chini ya miaka 45 walikuwa na hedhi iliyovurugika au iliyokoma kabisa, na waliokula vibichi zaidi ndio walioathirika zaidi. Rudi kwenye chakula kilichopikwa kuanzia leo, ugali, maharage, mboga kwa mafuta, na uende hospitali wakuangalie. Nakuomba usisubiri mwezi wa tatu.

Habari kutoka Limuru. Hapa Julai ni ukungu na manyunyu, jua hatulioni. Avocado ziko, lakini maziwa ya ng'ombe wetu nikichemsha si yanakuwa yamepikwa? Ninywe tu vile yametoka?

Chemsha, ndugu yangu. Maziwa mabichi yanaleta ugonjwa wa brusela na hata kifua kikuu cha ng'ombe. Ukitaka maziwa ya vibichi, loweka korosho au ufuta usiku, saga, chuja. Ukinywa ya ng'ombe yaliyochemshwa, hakuna polisi wa vibichi atakayekuja Limuru kukukamata.

Wasalaam dada. Nipo Minneapolis, Marekani, Januari huku tunashuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Supu yako inafaa? Na kuna nyongeza ya vidonge ninayohitaji?

Inafaa, ila mji wenu hauko juu kama Njombe, maji yanachemka karibu na 100, punguza kidogo yale ya moto. Kuhusu vidonge, viwili. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea, kwa hiyo asiyekula nyama, mayai wala maziwa lazima aitafute kwingine, awe Minneapolis au Makambako. Ya pili ni vitamini D. Kwenu majira ya baridi jua linakaa chini mno kiasi kwamba ngozi haiitengenezi, na ngozi yetu nyeusi huhitaji jua zaidi kuliko ya wenyeji. Pima damu, daktari akupe kiwango. Na nikuambie kama dada, kwa baridi hiyo mimi ningekula vibichi mchana tu.

Mume wangu ana kisukari na anameza dawa. Naweza kumwingiza kwenye mpango huu nimsaidie?

Mama, usimwingize kimya kimya. Chakula kikibadilika ghafla huku dawa zikibaki zile zile, sukari inaweza kushuka kwa hatari, na ndizi na tende nazo zinaweza kuipandisha. Nendeni wote wawili kliniki mkiwa na orodha ya mnachotaka kula. Kuongeza parachichi na kachumbari kwenye mlo wake wa kawaida ni mwanzo mzuri wa kuzungumza na daktari.

Blenda sina, hotpoti sina, niko hosteli na heater ya maji tu. Nianzie wapi?

Heater inatosha! Beseni moja, bakuli moja, kisu, uma. Pasha parachichi kwenye beseni, ponda kwa uma na ndizi mbili na karanga za kutwanga za sokoni. Wenzako chumbani watakucheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili ficha parachichi.

Dada, na wewe usiku unakula nini hicho kilichopikwa?

Makande. Yule jirani ananiwekea.