Safari ndefu ya miguu yenye gari la msaada: kupanga siku moja ili msipotezane

Nimeandika haya baada ya kuwasaidia mume na mke waliokuwa wakijiandaa kwa safari ya wiki kadhaa, mke akitembea na mume akimfuata kwa gari. Viatu walishavizoea na mazoezi walishafanya. Kilichowatesa ni kupotezana njiani, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Hatua ya 1: Pima siku kwa saa

Kwenye tambarare hesabu kilomita 5 kwa saa, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hii ilitolewa mwaka 1892 na William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, na bado inafaa, ila haihesabu mapumziko wala uchovu. Njia ya kilomita 25 yenye kupanda mita 600 inatoa saa 6. Mimi humwandikia msaidizi, yaani mwenye gari, muda wa saa 8. Msaidizi aliyepewa hesabu ya matumaini huanza kuhangaika wakati mwenzake yuko salama kabisa.

Hatua ya 2: Igawe njia

Kutaneni kila baada ya saa mbili au tatu. Mtembeaji asitembee mikono mitupu kwa sababu tu gari lipo. Gari hupata pancha. Abebe maji, koti la mvua, tochi, filimbi na plasta.

Hatua ya 3: Chagueni mahali pa kukutana

Msikubaliane kwa jina la kijiji. Barabara inaweza kuingia kijijini upande mmoja na njia ya miguu ikatokea upande mwingine, mkangojeana nusu siku mkiwa mmetenganishwa na nyumba chache tu. Tafuteni pale ambapo njia ya miguu inakata barabara, mahali ambapo mtembeaji hawezi kupita bila kuliona gari. Kisha hakikisheni gari linaweza kuegeshwa nje kabisa ya barabara, mbali na kona na bila kuziba geti la mtu.

Umbali wa gari upimwe peke yake. Mtembeaji huvuka mto kwa daraja la miguu kwa dakika mbili, ilhali gari linalazimika kuzunguka hadi daraja kubwa. Mara nyingine ni msaidizi anayechelewa, si mtembeaji.

Sasa nambari za latitudo na longitudo za mahali hapo, zile mnazoingiza kwenye ramani ya simu. Tumieni mtindo mmoja tu, na mimi nasisitiza uwe wa desimali, kwenye simu zote mbili. Digrii 3 na dakika 30 ni 3.50, si 3.30, kwa kuwa digrii moja ina dakika 60. Aliyeandika 3.30 kwenye latitudo amekosea kwa takriban kilomita 22. Wale niliowasaidia walikuwa na simu mbili zenye mitindo miwili, na ilituchukua saa nyingi kugundua kwamba hakuna aliyekuwa amepotea: kila mmoja alikuwa amefika mahali alipodhani ndipo. Kwa kusini ya ikweta, alama ya kutoa isiachwe. Desimali nne zinatosha, maana hukufikisha ndani ya mita kumi na kitu.

Mkishapata mahali, wekeni sharti hili: atakayefika kwanza haondoki. Mtembeaji aliyewahi hutamani kusogea mbele kidogo. Msaidizi mwenye wasiwasi hutamani kurudi nyuma kumtafuta. Wakifanya hivyo wote wawili, wanapishana.

Kungoja nako kuwe na mwisho. Andikeni saa ya mwisho kwa kila kituo. Ikipita, msaidizi aache karatasi yenye saa aliyoondoka na anakokwenda, aende penye mtandao, asome ujumbe, kisha arudi palepale. Akikuta bado kimya, aite waokoaji. Na mtembeaji akifika asikute gari, naye angoje hapohapo. Pale ambapo simu ya sauti inakatika, jaribuni ujumbe mfupi wa maandishi. Mara nyingi hupenya hata mtandao ukiwa hafifu.

Hatua ya 4: Njiani

Barabarani pasipo na njia ya pembeni, tembea ukiyatazama magari yanayokuja, ukiwa umevaa kizibao kinachoakisi mwanga. Ukihisi mguu unachoma mahali pamoja, simama papo hapo ubandike plasta. Usingoje kituo kifuatacho, maana lengelenge halikungoji.

Simu iwe kwenye hali ya ndegeni ili kuokoa chaji; kwa simu nyingi GPS bado hufanya kazi, kwa kuwa hupokea mawimbi ya setilaiti bila kuhitaji mtandao. Iwashe kikamilifu kila mnapokaribia kukutana. Hata hivyo siwezi kumruhusu mtu aondoke bila ramani ya karatasi kwenye mfuko usiopenya maji.

Hatua ya 5: Jioni

Piga picha ya mahali hasa uliposimamia na uandike nambari zake, ili kesho uanzie palepale bila kuruka hata hatua moja. Osha na ukaushe miguu.

Kisha muulize msaidizi amechoka kiasi gani, na jibu lake liwe na uzito sawa na hali ya miguu yako. Kuendesha, kungoja na kuwa na wasiwasi kutwa nzima kunachosha. Akihitaji kupumzika kesho, fupisheni njia, kisha mwandike vituo vya kesho kwenye karatasi mbili zinazofanana: moja ya begi, nyingine ya gari.