Jinsi ya Kufuatilia Asili ya Neno "Daftari"

Anza na matumizi ya leo, kwa sababu maana zote za neno ni ushahidi: daftari ni kitabu cha mwanafunzi cha kuandikia, lakini pia ni orodha rasmi, kama lilivyo Daftari la Kudumu la Wapiga Kura nchini Tanzania. Kisha litafute katika Kiarabu, ambako "daftar" ina maana hizo hizo mbili, na katika Kiajemi, ambako limefika hadi kumaanisha ofisi.

Usiishie hapo, maana wengi hukomea kwenye Kiarabu na kukosa sehemu iliyo nzuri kuliko zote. Rudi nyuma hadi Kigiriki, kwenye neno "diphthera", yaani ngozi ya mnyama iliyotengenezwa. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, anaeleza kuwa Wagiriki wa Ionia waliendelea kuyaita mafunjo (karatasi za kale zilizotengenezwa kwa mmea wa majini) "ngozi", kwa kuwa hapo kale, mafunjo yalipokuwa adimu, waliandika juu ya ngozi za mbuzi na kondoo.

Mwishowe linganisha na "kalamu", iliyotoka kwenye "kalamos" ya Kigiriki, yaani tete, ikapitia "qalam" ya Kiarabu.