Mbwa wako anawekewa kiraka kwenye kibofu? Soma hii kwanza

Mbwa kagongwa na gari, kainuka anachechemea tu, unashukuru Mungu, kumbe ndani kibofu kimepasuka. Na usidanganyike eti kwa vile anakojoa basi kizima, wapo wanaokojoa huku mkojo mwingine unamwagikia tumboni. Akianza kutapika, kukataa msosi, tumbo linajaa na ukiligusa analia, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo na usimpe panadol, dawa nyingi za watu zinaweza kuua mbwa.

Ukifika usigombe ukiona hawampasui palepale. Mkojo ukikaa tumboni potasiamu inapanda kwenye damu na moyo unaweza kugoma akiwa kwenye dawa ya usingizi, kwa hiyo kwanza dripu, mpira wa mkojo, na kupunguza yale maji ya tumboni. Wanapima kreatinini (uchafu ambao figo hutoa kupitia mkojo) ya hayo maji na ya damu, ya tumboni ikizidi ya damu mara 2 basi ni mkojo huo.

Sasa kiraka. Wengi hawakihitaji jamani! Kibofu kinapona haraka sana, kinashonwa kwa nyuzi za kuyeyuka na ndani ya wiki 2 mpaka 3 nguvu imerudi, hata kikikatwa nusu kinatanuka tena ilimradi pale chini inapoingia mirija ya figo hapajaguswa. Kiraka ni pale nyama imekufa au uvimbe umekatwa mpaka kingo hazikutani.

Kinachojulikana zaidi kinatoka kwenye utumbo mdogo wa nguruwe (kama nguruwe kwako ni tatizo sema mapema), wanachukua tabaka moja, wanaosha seli zote, kinabaki kiunzi kama karatasi. Mtafiti Stephen Badylak na wenzake kule Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, Marekani, walianza nacho kwa mbwa miaka ya 1980, tena kama mshipa wa damu, kibofu kikaja baadaye. Kikishashonwa seli za mbwa mwenyewe zinapanda juu yake kama mmea kwenye uzio, na kiunzi chenyewe kinayeyuka kwa takriban miezi 3. Daktari Anthony Atala na timu yake Boston walienda mbali zaidi, 1999 wakaripoti vibofu walivyootesha kwa seli za mbwa wenyewe, ila hiyo ni ya maabara, usiende kuidai kliniki.

Muulize daktari tundu lina ukubwa gani. Kibofu kikiwa kimeondoka karibu chote, kiraka kitupu kisichopandwa seli huwa kinanywea na kuwa kovu. Na kama shida iko kwenye njia ya mkojo, uliza ni kiraka cha upande mmoja au bomba zima, maana bomba zima lisilo na seli huwa linajibana.

Kazi yako inaanza baada ya upasuaji: kibofu kisijae, kikitanuka mapema mshono unaachia. Mfuko wa mkojo ukae chini kuliko mbwa lakini usiguse sakafu, mpira usikunjike, koni ya shingoni haivuliwi hata akikuangalia kwa huruma. Pima mkojo, kawaida ni mililita 1 mpaka 2 kwa kilo kwa saa, yaani mbwa wa kilo 20 kwa masaa 6 utoe 120 mpaka 240. Ukikatika ghafla angalia kwanza mpira umekunjika wapi, kama haujakunjika piga simu. Mpira ukitolewa mtoe nje kila baada ya masaa 2 au 3, hata usiku ndiyo, na daktari aoteshe mkojo maabara kuona kama una bakteria kabla hujaanza kununua antibaiotiki za kubahatisha.

Damu kidogo siku za mwanzo isikutishe. Akichuchumaa anajikamua na hakitoki kitu, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo. Halafu wiki na miezi inayofuata kuwa na tabia ya kuutazama mkojo wake unavyotoka, ukianza kuwa uzi mwembamba ujue kovu linabana njia, mrudishe kabla haijaziba kabisa.