Kabla ya kuanza kufuatilia tansio (shinikizo la damu) nyumbani, Bukavu

Kwanza tarakimu. Muganga akisema una 14 kwa 9, mashine ya nyumbani itaandika 140 na 90. Ni kipimo kilekile: yeye anahesabu kwa sentimita za zebaki, mashine kwa milimita. Asije mtu akaongeza vidonge kwa kushtushwa na sifuri.

Mashine nzuri ni ya mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono, tena inayotumia betri, kwa sababu umeme wetu unajulikana. Kabla ya kulipa, zungusha futi ya fundi cherehani katikati ya mkono wa juu, kisha ulinganishe na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda. Mkanda mdogo hupandisha tarakimu, mkubwa mno huzishusha.

Aliyetoka ziwani akapanda hadi Kadutu apumzike nusu saa kwanza. Vivyo hivyo aliyekunywa kahawa au kuvuta sigara. Kojoa. Keti dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu isipishane. Mkono uwe wazi, ulale mezani usawa wa moyo. Ukining'inia, tansio itasomeka juu kuliko ilivyo. Pima mara mbili, dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na tena jioni, siku 7. Tarakimu za siku ya kwanza ziache, tafuta wastani wa zilizobaki. Ukifika 135 kwa 85, peleka daftari kituo cha afya. Mjamzito asingoje wiki: akipata 140 kwa 90, aende siku hiyohiyo.

Chumvi ndiyo kazi kubwa, maana huingia kwa milango mingi. Sufuria moja ya sombe inaweza kuwa na makayabu (samaki wa chumvi), magi (kiungo cha mchuzi chenye chumvi) na kijiko cha chumvi juu yake. Mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, vyote vikihesabiwa. Andika tarehe kwenye pakiti unapoifungua: nyumba ya watu 6 ikimaliza gramu 500 kabla ya siku 16, mmeshavuka, hata kabla ya kuhesabu mkate na samaki. Makayabu yalowekwe usiku kucha, maji yabadilishwe mara mbili au tatu, na sufuria hiyo isitiwe chumvi wala magi. Sambaza mbichi, wale samaki wadogo wa ziwani, ni bora zaidi: chumvi yake unaiamua wewe. Ladha itafute kwa kitunguu, nyanya, ndimu na pilipili. Chumvi kidogo itakayobaki iwe yenye iodini, ili kuzuia rovu, uvimbe wa shingo.

Pombe ipunguzwe, sigara iachwe, na kutembea kwa haraka kufike dakika 30 siku 5 za wiki. Milima yetu inatosha.

Dawa usiache kwa kuwa tansio imeshuka. Imeshuka kwa sababu unazimeza. Weka akiba ya wiki 2, njia zisije zikafungwa ukabaki mikono mitupu.

Tansio ikifika 180 kwa 120 na huhisi kitu, pumzika dakika 5, pima tena. Ikibaki hapo, nenda siku hiyohiyo. Lakini kifua kikiuma, pumzi ikikata, mdomo ukipinda, maneno yakichanganyika au upande mmoja ukilegea, usisubiri kuche, hata tarakimu ikiwa chini ya hapo. Mtu aliyelegea upande hawezi kujishika kwenye pikipiki, basi namba ya dereva wa gari anayekubali kutoka usiku iandikwe mlangoni tangu leo.