Kordi za Kwanza za Ukulele
Baada ya kulinganisha nyuzi nne za ukulele katika sauti za G, C, E na A, anza na kordi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya C, ambayo huhitaji kidole cha pete pekee, kikibana uzi wa A nyuma kidogo ya freti (kipande chembamba cha chuma kinachokatiza shingo ya ala) ya 3. Kordi ya Am (A minor) hubanwa kwa kidole cha kati kwenye uzi wa G, freti ya 2. Ukikiacha hapo na kuongeza cha shahada kwenye uzi wa E, freti ya 1, utapata F. Kinachowashinda wengi ni kuhama kutoka C kwenda F, kwa hiyo rudia badiliko hilo polepole, ukipiga kila kordi mara nne. Uzi ukitoa sauti butu, sogeza kidole karibu na freti badala ya kuongeza nguvu. G, yenye vidole vitatu, inaweza kusubiri.