Jinsi ya kuandika daftari ya hedhi, na tumbo pia uliandike

Dada zangu wa Arua, Koboko, Bwera, Busia, na nyie wa Kisenyi pale Kampala, hii ni yenu, na wanaume msipite maana kuna sehemu yenu huko chini. Nataka kila mwanamke anayeenda mwezini awe na daftari. Ile ndogo ya dukani inatosha, na biro. Apu za simu sawa, zipo, lakini nyingi zinakukisia tu siku ya yai kwa wastani wa watu wengine, alafu simu inaibiwa, inazima, mtoto anafuta vitu. Daftari unaweka mahali pako na inakaa.

Kwa nini nakazana hivi? Msichana akifika kwa musawo (daktari ama nesi) aseme tu "mwezi unanisumbua", musawo hana pa kushika. Akifika na miezi mitatu imeandikwa, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Anza hapa: siku ya 1 ni ile siku damu imetoka kweli, ya kuhitaji pedi. Vitone vya kahawia vya jana yake havihesabiwi. Mzunguko unaisha siku moja kabla ya damu ingine kuanza. Yaani kama damu ilianza tarehe 3 Machi na ingine ikaanza tarehe 1 Aprili, mzunguko wako ulikuwa siku 29. Unahesabu damu kuanza mpaka damu kuanza, siyo kutoka ilipoisha, hapa watu wanachanganya sana alafu wanashangaa hesabu zao haziendi. Kwa mtu mzima siku 21 mpaka 35 ni kawaida, kwa msichana aliyevunja ungo juzi juzi hata 45 haina shida, mwili wake bado unajipanga. Na kupishana siku mbili tatu mwezi huu na ule siyo ugonjwa, tafadhali usikimbilie dawa ya mitishamba ya "kusafisha".

Kila jioni andika mstari mmoja. Damu ipo au haipo, na umebadilisha pedi ngapi (kitambaa ama pedi ya kufua pia hesabu, ndo njia ya kujua ni nyingi au kidogo). Ute wa ukeni uko vipi. Maumivu, wapi, na kama yalikuzuia kwenda sokoni ama shule. Choo: umeenda, hukuenda, kigumu, laini, umeharisha. Tumbo kujaa gesi. Dawa yoyote umemeza. Homa au malaria, hiyo usiruke. Na siku mliyokutana na mzee weka alama yako ndogo, si lazima mtu mwingine aielewe.

Sasa ndani kinaendelea nini. Ubongo unatuma amri kwa tezi ya pituitari iliyo chini yake, pituitari inamwaga homoni mbili, FSH na LH, zinashuka na damu mpaka kwenye ovari, pale mayai yanapokaa. FSH inakuza kifuko cha yai, na kile kifuko kikikua kinatoa estrojeni, ile inayojenga ukuta wa mfuko wa uzazi na kuufanya ute uwe mwepesi. Estrojeni ikipanda vya kutosha, pituitari inamwaga LH nyingi kwa mara moja, na kama siku moja na nusu hivi baadaye yai linatoka. Kile kifuko kilichobaki kinageuka kuwa kiwanda cha projesteroni, ndo inashikilia ukuta usubiri mimba. Mimba isipoingia kiwanda kinafungwa, projesteroni inaanguka, ukuta unabomoka, damu hiyo. Bas.

Sasa ile "siku ya 14" tulioimbiwa shuleni. Si kweli kwa kila mtu na imeshaleta mimba nyingi sana ambazo hazikupangwa. Miaka ya 1920 madaktari wawili, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kwa njia yake, waliona kwamba yai halifuati hedhi iliyopita, linatangulia ile inayokuja, kwa kama siku 14. Nusu ya mwisho ya mzunguko ndo haibadiliki sana, kawaida siku 10 mpaka 16 hivi, ile ya kwanza ndo inavutika. Kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 25 yai lake linatoka karibu na siku ya 11, mwenye 33 karibu na siku ya 19. Wote wawili ukiwaambia siku ya 14 umewadanganya.

Yai lenyewe linaishi kama siku moja tu, saa 12 mpaka 24. Mbegu za mwanaume ndo wagumu, zinaweza kukaa ndani hai mpaka siku 5. Ndo maana siku za hatari ni kama 6, zile tano kabla ya yai na siku yenyewe, na ndo maana mtu anashika mimba kwa tendo la Jumatatu wakati yai limetoka Ijumaa.

Kuzipata siku hizo kwenye daftari lako: ukishakuwa na mizunguko 6, tafuta mfupi kuliko yote utoe 18, tafuta mrefu kuliko yote utoe 11. Mfano mfupi ni 26 na mrefu 31, basi 26 toa 18 ni 8, 31 toa 11 ni 20, siku zako za hatari ni ya 8 mpaka ya 20. Ni nyingi eeh, lakini huo ndo usalama. Kuna pia zile shanga 32 za kuhesabia, moja nyekundu ya siku ya kwanza ya damu, nyeupe 12 za siku ya 8 mpaka 19, zilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Georgetown kule Marekani, zinafaa tu kwa mwenye mzunguko wa siku 26 mpaka 32. Ukitoka nje ya hapo shanga zitakudanganya.

Ute unakupa habari ya siku yenyewe. Baada ya damu unakuwa mkavu, alafu unakuja mzito mzito wa kunata, alafu siku chache unakuwa wa kuteleza na kuvutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi. Hizo ndo siku. Ukirudi kunata au kukauka, yai limepita. Ukiwa na muwasho, ute mweupe wa mabonge ama harufu mbaya hiyo ni infeksheni, itibiwe kwanza. Kama una kipimajoto pima asubuhi kabla hujatoka kitandani, baada ya yai joto linapanda nusu digrii ama chini yake na linabaki juu mpaka hedhi, kazi ya projesteroni hiyo, ila linakuambia yai limeshatoka, halikuonyi kabla. Na kwetu hapa malaria inaharibu hicho kipimo chote, ndo nikasema homa uandike.

Na niseme wazi kabisa: kuhesabu siku hakuzuii UKIMWI wala kaswende. Na kama hamtaki mimba kabisa kabisa, nenda uongee na musawo kuhusu vipandikizi, koili, vidonge, sindano, kondomu. Daftari peke yake inahitaji mume anayekubali kusubiri, na si wote wanakubali.

Haya, tumbo. Hapa nakaa kidogo kwa sababu hakuna anayewaambia wasichana.

Watu wanadhani homoni ni mambo ya uzazi tu. Homoni ya kwanza kabisa wanasayansi kuitambua ilitoka kwenye utumbo, sikretini, mwaka 1902 pale London, William Bayliss na Ernest Starling waliona utumbo mdogo unaiambia kongosho imwage maji yake ya kusaga chakula kupitia damu, hata mishipa ya fahamu ikiwa imekatwa. Utumbo na uzazi vinatumia damu ile ile, kwa hiyo amri ya huku inasikika kule.

Projesteroni inalegeza misuli laini. Inaulegeza mfuko wa uzazi usijikaze, lakini utumbo nao una misuli ya aina hiyo hiyo, kwa hiyo wiki ile kabla ya hedhi chakula kinatembea polepole, choo kinakuwa kigumu, tumbo linajaa, gomesi (lile gauni letu) haifungi vizuri, unadhani umenenepa. Siku damu inaanza mambo yanageuka. Projesteroni imeanguka, ukuta wa mfuko wa uzazi unatoa kemikali zinaitwa prostaglandini, hizo ndo zinaukaza mfuko utoe damu na ndo maumivu yale, na zikizidi zinafika kwa jirani, utumbo nao unajikaza, unaharisha. Kigumu kabla, laini siku ya kwanza na ya pili. Wanawake wengi wako hivyo na hawajawahi kuambiwa ni kawaida.

Kuna binti mmoja wa huku Arua alikuwa anameza dawa ya taifodi karibu kila mwezi, kliniki moja ya mtaani inampima, inamwambia taifodi, analipa. Tulipomwandikisha daftari, kuharisha kwake kote kulikuwa siku ya 1 na ya 2, bila homa, mwezi baada ya mwezi. Antibayotiki zote zile mwili wake ulibeba bure, iliniuma sana. Taifodi ya kweli inakuja na homa isiyoshuka na haiangalii kalenda yako.

La kufanya: ile wiki ya kabla, kunywa maji mengi, kula maharage, dodo (mchicha), viazi vitamu, papai, usikae na posho nyeupe (ugali) na chai tu. Tembea. Siku ya damu, ibuprofen miligramu 400 baada ya kula, kila saa 8, siku mbili tatu, inafanya kazi kuliko panadol kwa sababu inazuia prostaglandini zenyewe zisitengenezwe, na uanze mara dalili inapoanza, usingoje mpaka umejikunja kitandani. Lakini prostaglandini ndo zinalinda pia ukuta wa tumbo, kwa hiyo mwenye vidonda vya tumbo asiguse, mwenye figo mbovu asiguse, anayeweza kuwa na mimba asiguse, mwenye pumu aulize kwanza. Chupa ya maji moto juu ya tumbo haina masharti.

Damu ikiwa nyingi, kula vya kurudisha madini ya chuma: maini, mukene (dagaa), maharage, na limau au chungwa pembeni. Chai usinywe na chakula, inazuia chuma kuingia, ngoja saa moja hivi.

Mambo mengine daftari litakuonyesha. Choo kigumu mwezi mzima, uchovu, baridi, na hedhi nzito, au kinyume, kuharisha, kukonda, moyo kwenda mbio na hedhi ya kupotea potea, hiyo inaweza kuwa tezi ya shingo, omba wakupime thairoidi. Maumivu ya kwenda haja kubwa wakati wa hedhi, yanayozidi mwaka kwa mwaka, uliza kuhusu endometriosisi, yaani nyama kama ya ukuta wa mfuko wa uzazi kuota nje ya mfuko. Damu kwenye choo, usingoje mwezi.

Hedhi ikichelewa pima mkojo kuanzia siku ile ilitakiwa ifike, kabla ya hapo homoni ya mimba, hCG, inaweza kuwa bado kidogo ikakupa jibu la uongo. Ukiwa mjamzito na unataka kujua utajifungua lini, tarehe ya siku ya 1 ya damu ya mwisho ongeza siku 7 rudisha miezi 3, tarehe 10 Machi inakupa 17 Desemba. Mwenye mzunguko mrefu atachelewa kidogo, mwambie musawo. Na kiungulia na choo kigumu vya mimba ni projesteroni ile ile, sasa iko nyingi na haishuki.

Mama anayenyonyesha, prolaktini, homoni ya maziwa, inaweza kuzuia yai, ila lazima vitu vitatu vikae pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu mchana na usiku bila uji wala maji, na hedhi haijarudi. Kimoja kikivunjika kinga imeisha. Na ukumbuke yai linatangulia damu, unaweza kushika mimba kabla hujaona hedhi hata moja. Wa sindano ya miezi mitatu, hedhi ikipotea ni dawa, na ukiacha uzazi unaweza kuchukua miezi 9, 10 kurudi, usilie na usidhani umerogwa.

Wanaume sasa. Mkitafuta mtoto mwaka mzima bila kupata, au miezi 6 kama mama amefika 35, mnaenda wawili. Karibu nusu ya visa mwanaume naye ana tatizo, na kipimo chake ni rahisi kuliko vyote, ni shahawa tu kwenye kikopo. Mbegu inachukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, homa kali ya leo utaiona kwenye kipimo cha baadaye. Wakwe wakimfukuza mke kabla ya kikopo hicho wamemdhulumu.

Nenda helth senta bila kungoja kama pedi inajaa kila saa kwa saa kadhaa, damu inapita siku 8, hedhi imepotea miezi mitatu na huna mimba, unatoka damu baada ya tendo au baada ya kukoma hedhi, au hedhi imechelewa na una maumivu makali upande mmoja na kizunguzungu, hiyo ya mwisho ni ya kupanda boda sasa hivi, inaweza kuwa mimba nje ya mfuko. Ukifika fungua daftari ukurasa wa mwisho na umpe tarehe ya siku ya 1 kabla hata hajauliza, ndo swali lake la kwanza.