Namna ya Kuandaa Swali la Bungeni Kuhusu Usafiri, Makazi na Utalii wa Kiutamaduni

Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na njia ya kwanza inayoitaja ya kutekeleza kazi hiyo ni kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Mbunge asiye Waziri wala mwenyekiti wa kamati hana nafasi nyingine anayoipata mara kwa mara kuliko hii. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mbunge aliyeingia Dodoma kwa mara ya kwanza, kwa msaidizi anayemwandalia kazi, na pia kwa diwani au kiongozi wa kikundi cha wananchi anayetaka hoja ya eneo lake ifike bungeni ikiwa imekamilika.

Kila anayefuatilia kipindi cha maswali saa tatu asubuhi analijua swali hili: "Je, ni lini Serikali itajenga kwa kiwango cha lami barabara ya mahali fulani?" Naibu Waziri husimama na kueleza kwamba Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo, kwamba inaendelea kutafuta fedha, na kwamba ujenzi utaanza kulingana na upatikanaji wake. Jibu hilo huenda ni la kweli kabisa, lakini halimfungi mtu yeyote kwa lolote, na mwananchi aliyelisikia redioni anabaki pale pale alipokuwa. Kosa si la Naibu Waziri peke yake, kwa kuwa swali lenyewe halikumwachia kazi ya kufanya. Swali linalofaa ni lile ambalo jibu lake linaweza kwenda kuhakikiwa baada ya miezi sita, kwa kutazama hesabu, mkataba au eneo lenyewe la mradi.

Kazi ya kwanza, ambayo wengi huiruka, ni kujua ni nani hasa anayewajibika. Chukua kero ya mabasi ya mwendokasi jijini Dar es Salaam, ambayo yalianza kutoa huduma mwaka 2016 katika njia ya Kimara. Mwananchi analalamika kuhusu jambo moja tu, yaani kusubiri muda mrefu kituoni na kisha kusafiri kwa kubanana. Ndani ya Serikali, hata hivyo, lalamiko hilo linagawanyika. Uendeshaji wa mfumo huo uko chini ya DART, wakala wa mabasi yaendayo haraka ulio chini ya TAMISEMI, yaani ofisi inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Miundombinu ya njia zake inajengwa chini ya usimamizi wa TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania, ambao uko Wizara ya Ujenzi. Na nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ambayo iko Wizara ya Uchukuzi. Wizara hizi mbili zilikuwa moja hadi zilipotenganishwa mwaka 2023. Swali la idadi ya mabasi likielekezwa kwa Waziri wa Uchukuzi litajibiwa kwa heshima zote kwamba suala hilo liko kwa mwenzake, na nafasi itakuwa imepotea hadi mkutano mwingine wa Bunge.

Barabara nazo ziko hivyo hivyo. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, ilhali za wilaya, za mijini na vijijini, ni za TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ulioanza kazi mwaka 2017. Kabla ya kuandika neno lolote, ni vizuri kumwuliza meneja wa wakala husika katika mkoa au wilaya hadhi ya barabara hiyo, kwa sababu zipo barabara ambazo wakazi huziita kuu ilhali katika orodha ya Serikali ni za wilaya, na zipo zilizopandishwa hadhi bila wakazi kuarifiwa.

Makazi yana mtego wake. Mtu akisikia neno nyumba hukimbilia Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi, na mara nyingi yuko sahihi, kwa kuwa Shirika la Nyumba la Taifa, urasimishaji wa makazi na hati miliki vyote viko huko. Lakini nyumba za Magomeni Kota, zilizojengwa kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi katika kota za zamani na kuzinduliwa mwaka 2022, zilisimamiwa na Wakala wa Majengo Tanzania, ambao uko Wizara ya Ujenzi. Nyumba ya mwalimu wa shule ya msingi nayo ni jambo la TAMISEMI. Mbunge anayetaka kuuliza kuhusu kodi ya pango, uuzaji wa nyumba kwa wapangaji au ukarabati hana budi kutaja jengo na mmiliki wake, na asiishie kwenye "nyumba za Serikali" kwa ujumla.

Katika utalii wa kiutamaduni lipo jambo moja la kikatiba linalopaswa kutazamwa mapema. Utalii na mambo ya kale si mambo ya Muungano. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, unaulizwa katika Baraza la Wawakilishi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoingia mwaka 1981, pamoja na michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia mwaka 2006, ndizo zinazoulizwa Dodoma kwa Waziri wa Maliasili na Utalii. Tena si kila eneo liko mikononi mwa idara moja: Kilwa inasimamiwa na TAWA, yaani mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, magofu ya Kaole yako chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu, na Kimondo cha Mbozi kiko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Ngoma, lugha na sanaa za jamii zina wizara yake nyingine. Anayeuliza kuhusu kikundi cha ngoma kinachopokea wageni kijijini aamue kwanza kama shida ni ya utamaduni, ya leseni ya biashara ya utalii au ya barabara ya kufikia kijiji.

Baada ya hapo ndipo nyaraka zinapohitajika. Hotuba ya bajeti ya Waziri husika hueleza kilichoahidiwa, vitabu vya makadirio ya matumizi huonyesha kilichotengewa fedha, na ripoti ya Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo kwa kawaida huwasilishwa bungeni mwezi Aprili, huonyesha kilichotokea. Nafasi iliyopo kati ya nyaraka hizo tatu ndiyo inayozaa maswali bora. Mradi uliotengewa fedha kwa miaka miwili mfululizo bila kupelekewa hata shilingi hauhitaji kuulizwa "lini utaanza". Unahitaji kuulizwa fedha iliyoidhinishwa na Bunge ilipelekwa wapi.

Sasa swali lenyewe. Tuseme mbunge anataka kuuliza kuhusu Kilwa, na rasimu yake ya kwanza inasema: "Je, Serikali ina mpango gani wa kuendeleza utalii wa kiutamaduni katika Wilaya ya Kilwa?" Jibu lake linaweza kuandikwa hata kabla swali halijafika wizarani, kwamba Serikali inaendelea kuvitangaza vivutio ndani na nje ya nchi. Rasimu ya pili iulize hivi: "Je, katika mwaka wa fedha uliopita TAWA ilikusanya kiasi gani cha viingilio vya wageni waliotembelea Kilwa Kisiwani, na kiasi gani kati ya hicho kilitumika kukarabati magofu?" Hapa kuna taasisi, kipindi, mahali na fedha, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kujibiwa kwa maneno ya jumla. Swali limekuwa gumu kwa Wizara, lakini ni la adabu na halimtuhumu mtu. Kwa maoni yangu huu ndio ukali unaofaa bungeni, kwa sababu Waziri hawezi kulalamika kwamba ameonewa, na msikilizaji aliyeko Kilwa Masoko anaelewa mara moja kinachotafutwa.

Kanuni za Kudumu za Bunge zina masharti yanayofahamika: swali lisiwe hotuba, lisijengwe juu ya dhana, lisitumie lugha ya kuudhi, lisigusie shauri lililo mahakamani, wala lisirudie jambo lililokwisha kujibiwa. Swali la msingi hupelekwa kwa maandishi mapema katika Ofisi ya Bunge ili Wizara ipate muda wa kuandaa jibu. Maswali kwa Waziri Mkuu siku ya Alhamisi ni utaratibu tofauti, kwani huulizwa papo kwa papo na yanafaa kwa mambo ya sera. Kumwuliza Waziri Mkuu kuhusu kivuko kimoja kilichoharibika ni kumpa ruhusa ya kusema atalifuatilia.

Mahali pa kutumia akili zaidi ni maswali mawili ya nyongeza, ambayo mbunge huuliza mara baada ya swali lake la msingi kujibiwa. Wengi huyatunga wakiwa wameketi, huku jibu likisomwa, kisha wakaishia kuomba Waziri afuatane nao kwenda jimboni. Yaandaliwe nyumbani, kwa kukadiria majibu yanayoweza kutolewa. Kwa barabara, jibu linalokuja mara nyingi ni kwamba upembuzi yakinifu na usanifu wa kina umekamilika. Swali la nyongeza lililoandaliwa litauliza usanifu huo ulikamilika mwezi gani, na kama zabuni imetangazwa katika NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, au la. Likija jibu kwamba tathmini ya fidia imefanyika, liulizwe ilifanyika lini, kwa kuwa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 haikubali tathmini idumu bila kikomo, na familia iliyozuiwa kuendeleza nyumba yake kwa sababu ya alama nyekundu ukutani inaumia kwa kila mwaka unaopita. Hili ndilo eneo ambalo usafiri na makazi hukutana kwa uchungu zaidi, na mbunge anayelikumbuka atawatendea haki watu ambao hawana njia nyingine ya kusikika. Swali la nyongeza sharti litokane na jibu lililotolewa, la sivyo Spika atalikataa, na liwe fupi kiasi cha kusemwa kwa pumzi moja.

Siku hiyo hiyo jibu linakiliwe neno kwa neno kutoka Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, tarehe na jina la aliyejibu vikiwemo, na nakala ipelekwe kwa wananchi walioleta kero. Tarehe yoyote iliyotajwa iwekwe kwenye kalenda ya ofisi ya mbunge. Ikifika bila utekelezaji, barua ya kumbusho iende kwa Waziri ikinukuu maneno yake mwenyewe. Barua isipojibiwa, Bunge la Bajeti linakuja, na katika Kamati ya Matumizi mbunge anaweza kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani kuzuia fungu hilo lisipitishwe hadi apate maelezo, akiwa na Taarifa Rasmi mkononi, ukurasa ukiwa umewekewa alama, na kuomba ufafanuzi wa ahadi moja tu, ile iliyotolewa ndani ya ukumbi ule ule.